Maswali yenu juu ya Houphouët-Boigny, mulimaji wa kakao mwenye alikuja kuwa prezida

Posho iliyopita niliandika juu ya Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire, maswali ikakuja mingi, najibu ine.

Alikuwa mulimaji kweli ao ni hadisi ya wanapolitike? (mulimaji wa kahawa, Kalehe)

Kweli kabisa papa. Alisomea udaktari Dakar akamaliza 1925, akatunza wagonjwa miaka mingi, lakini kwao Yamoussoukro familia ilikuwa na mashamba ya kakao na kahawa, na 1940 akawekwa shefu wa kantoni (vijiji vingi pamoja), njo akashika mashamba kabisa.

Sasa juu ya nini aliingia politike? (mwanafunzi, Kadutu)

Juu ya mikono ya kuvuna, mambo yote inaanzia pale. Serikali ya Wafaransa ilikuwa inakamata watu ku vijiji kwa nguvu inawapeleka kwa plantasio za wazungu, na mwafrika mwenye shamba yake anabaki bila mutu, saa ingine yeye mwenyewe anakamatwa, kakao yake inaozea ku miti akienda kuvuna ya muzungu, na ku bei pia wazungu njo walipendelewa! 1944 yeye na wenzake wakaanzisha sendika ya walimaji waafrika, wakakataa kazi ya kulazimishwa, wakasema sisi tutalipa, akuje mwenye anapenda. Bababu zetu hapa Kivu, wenye walilimishwa kwa fimbo wakati wa Wabelgiji, walijua ile uchungu.

Na ile sheria yenye jina yake? (mama wa duka, Nyawera)

Mama, 1945 alichaguliwa depite Paris, na tarehe 11 Aprili 1946 sheria ikapita ya kufuta kazi ya kulazimishwa ndani ya makoloni ya Ufaransa, njo ile wanaita sheria Houphouët-Boigny. Boigny, kwa Kibaule, luga ya kwao, ni kondoo dume, aliliongeza ku jina lake wakati ule.

Kisha kupata kiti alikumbuka walimaji? (kijana wa Idjwi)

Nusu, ndugu yangu. Aliongoza tangu 1960 mpaka kufa 1993, chama kilikuwa kimoja tu mpaka 1990, nchi ikawa ya kwanza duniani ku kakao. Serikali ilipanga bei, mulimaji anaijua mbele ya kuvuna, ile ilisaidia watu sana, ila faida mingi ilibakia ku serikali. Bei ya dunia ikaanguka, 1989 mulimaji akakatiwa yake, na mwaka wenye kufuata Papa wa Roma akakuja kubariki bazilika, ile kanisa kubwa sana yenye prezida alijengesha kwao Yamoussoukro. Mimi mutoto wa mulimaji, pale ananiumiza roho mpaka leo.