Usiitafutie nodi kilima, itafutie mwenyeji

Boksi letu la redio lilikuwa juu ya meza ya mwenyekiti wa kijiji, limeviringishwa kwenye kiroba cha mbolea, antena imechomoza kama mkia wa panya. Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mimi na mwenzangu tumesimama mlangoni, helmeti mkononi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Ndiyo nyie wenye kamera?"

Wiki tatu nzima boksi lilikuwa kimya, tukawa tunalaumu betri. Kumbe mtu alikwenda kuokota kuni, akaona kiboksi cheupe chenye kipande cha sola kimefungwa juu ya mkaratusi, akarudi mbio kutoa taarifa. Kijiji kikaona hao ni wapima ardhi, wameanza kuweka alama kimyakimya. Na sote tunajua alama zikishawekwa kimyakimya kinachofuata ni nini. Hatukuwa na utetezi. Tulipanda kile kilima Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani, hatukumsalimia balozi wala mwenye shamba, tukafunga kidude chetu tukashuka tunapongezana.

Naandika haya kwa sababu wiki hizi nimeulizwa na vijana wa Iringa na wengine wa Njombe jinsi sisi wa Mbeya tulivyoanza mtandao wetu wa redio, wote wakitaka kujua kwanza tunatumia antena gani. Lakini si hapo tulipopoteza muda.

Kwa asiyejua: tunajaribu mtandao wa redio ndogo za LoRa (teknolojia ya redio inayofika mbali kwa umeme kidogo) zinazotumia programu ya Meshtastic. Kila redio, sisi tunaiita nodi, inaenea kiganjani. Unaiunganisha na simu kwa Bluetooth, unaandika ujumbe usiozidi herufi 200 hivi, nodi inaurusha hewani. Nodi nyingine ikiusikia inaurusha tena, na ya tatu hivyohivyo, mpaka umfikie mwenyewe. Hakuna mnara, hakuna bando, hakuna laini. Ujumbe kwa kawaida unarushwa upya mara tatu tu, na hata ukibadilisha mipangilio huwezi kuvuka saba. LoRa yenyewe ilizaliwa Grenoble, Ufaransa, kwenye kampuni ndogo iliyonunuliwa na Semtech mwaka 2012. Meshtastic ni ya mwaka 2020, na ni bure. Kasi yake kwa mpangilio wa kawaida ni kama kilobiti moja kwa sekunde. Sauti haipiti, picha haipiti. Mtu akikuuliza kama WhatsApp itafungua, mjibu mapema asije akakuona tapeli baadaye.

Sasa, Mbeya inamdanganya mtu wa redio. Ukisimama Mwanjelwa ukiinua macho unaiona Loleza na minara yake, mita 2,656 juu ya bahari, unajiambia kazi imekwisha: weka kitu pale juu, mji wote umeshikwa. Halafu unasoma kwamba kuna watu wamewasiliana umbali wa zaidi ya kilomita 300 kwa vidude hivihivi. Ni kweli wamefanya. Lakini ile ni kilele kwa kilele, katikati hakuna kitu, na sijawahi kumwona mtu anauza viazi kileleni. Watu wetu wako mabondeni, chini ya mabati, nyuma ya migomba.

Tukahangaika na vilima miezi miwili. Nodi ya kwanza iliingia maji, maana tulitoboa tundu la waya kwa juu (toboa chini, na uache katundu kadogo ka kupumulia, la sivyo umande unaofanyika ndani utakuulia saketi hata bila mvua). Ya pili ndiyo hiyo ya kiroba. Ya tatu ilizima, na ili kujua imezima kwa nini ilibidi mtu aache kazi, alipie bodaboda, apande mlima saa moja na nusu, akute waya wa sola umetafunwa.

Wakati huohuo kulikuwa na nodi moja ambayo hakuna aliyeisifia. Iko Isyesye, kwa mama mmoja anayeuza maparachichi. Alikubali kuiweka kwa sababu mwanawe yuko kwenye kikundi chetu. Nyumba yake iko kwenye mwinuko wa kawaida tu. Siku ya kwanza tuliiweka ndani, juu ya dari, tukihofia mvua. Ilikuwa haisikii hata nodi ya jirani wa mitaa miwili, na ni haki yake: juu yake kuna bati, na bati kwa mawimbi ni ukuta. Fundi simu wetu akakata mwanzi nyuma ya jiko, akaufunga kwenye ukingo wa paa kwa waya wa kufungia nondo, antena ikatokeza juu ya bati kama mita moja na nusu. Hakuongeza nguvu, hakubadilisha antena. Kabla hajashuka kwenye ngazi simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni: ujumbe wa Soweto, wa Sae, na mmoja wa Iwambi uliotumwa na mtu aliyekuwa ameshakata tamaa.

Mwanzi ndiyo mlingoti ninaoupendekeza nyanda hizi zote. Haupitishi umeme kama bomba la chuma, unapatikana, na ukioza unakata mwingine.

Lakini si mwanzi ulionifanya niandike. Ni kwamba tangu siku ile nodi ya Isyesye ikizima, hazipiti dakika 20 kabla sijapigiwa. "Mwanangu, kidude chako kimelala, taa hakiwashi." Nauliza, mama, umeme upo? "LUKU imeisha, nanunua sasa hivi." Basi. Hakuna aliyepanda mlima. Ile ya kilimani ilikuwa inasikia mbali zaidi, sikatai, lakini inasikia mbali siku inayosikia. Ya mama inasikia karibu kila siku. Ukilinganisha daftari za nodi hizo mbili huwezi kuuliza ipi ni mtandao na ipi ni mapambo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza: usifungue ramani ya milima. Chukua karatasi, andika majina ya watu ambao wako nyumbani mchana, wanaopokea simu, na ambao nyumba zao zinaona angalau nyumba moja nyingine kwenye orodha. Hao ndio minara yako. Muuza duka, fundi cherehani, mwalimu aliyestaafu. Kilima kije baadaye, na kikija, anza kwa mwenyekiti. Nenda na kidude mkononi, kifungue mbele yake, mwonyeshe hakina lenzi. Mwache atume ujumbe mwenyewe.

Ushauri wa pili ni daftari, na hapa nina ugomvi kidogo na vijana wenzangu. Kila mtu anapiga picha ya skrini ujumbe ukifika. Hakuna anayeandika ambao haukufika. Sisi tumekubaliana hivi: anayetembea anatuma ujumbe wenye namba kila dakika tano, awe anadhani unafika au haufiki, anaandika saa na mahali. Waliobaki wanaandika namba walizozipata. Jioni tunalinganisha. Namba zilizokosekana ndizo zinazotufundisha. Ndivyo tulivyogundua kwamba ukitoka Uyole kushika barabara ya Tukuyu, mawasiliano yanakwenda vizuri Igawilo, yanakatika, yanarudi kidogo unapokaribia Isongole, halafu ukianza kuteremkia Kiwira yanakufa kabisa. Dereva wetu wa bodaboda alitaka kuacha kutuma pale yalipokatika mara ya kwanza. Angeacha tusingejua kama yanarudi.

Kiwira na Tukuyu zina somo lake. Watu husema mvua inaua mtandao. Kwa masafa haya, matone yenyewe hayana shida yoyote ya maana. Mvua inasumbua redio za masafa ya juu sana, kama yale ya dishi la king'amuzi. Kinachotuua ni majani yaliyolowa. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mgomba uliolowa ni ndoo ya maji imesimama mbele ya antena. Shamba lilelile lililopitisha ujumbe Septemba lilikuwa bubu Machi. Ukipima kiangazi tu ukatangaza ushindi, masika yatakuaibisha.

Jambo jingine la kuona kwa macho: usitosheke kwamba unaiona nyumba ya pili. Mawimbi hayapiti kama uzi, yanapita kama mhogo, membamba kwenye ncha na manene katikati. Kwa kilomita 10 kwenye masafa ya megahezi 868, unene ule wa katikati ni kama mita 29 kutoka mstari wa kati kwenda kila upande. Safu ya mikaratusi inayogusa tumbo la mhogo inatosha kukukosesha, hata kama wewe kwa macho unaona bati la mwenzako likimeta.

Tiki nayo. Mwalimu wetu mstaafu alituma kwenye chaneli ya wote, ile ambayo kila nodi inaisikia: "Nimefika salama, njooni na ngazi." Akaona alama ya kufika, akakaa chini ya mparachichi kungoja. Akangoja saa mbili nzima. Hakuna aliyeupata. Ile alama, ukituma kwa wote, maana yake ni kwamba kuna nodi moja walau iliyousikia ujumbe ikaurusha tena. Inaweza kuwa ni ile iliyo mfukoni mwa mtu aliye jirani yako. Ukitaka uhakika mtumie mtu mmoja moja kwa moja, hapo nodi yake ndiyo inayojibu. Na hata hapo ni nodi iliyojibu, mwenye nodi anaweza kuwa amelala. Mwalimu bado hajatusamehe kwa ile ngazi.

Kuhusu kununua. Nodi zinauzwa kwa masafa tofauti, 433, 868, 915, na redio ya 433 haigeuki kuwa ya 868 au 915 kwa programu. Za 915 zimetengenezewa Marekani, ambako wanatumia 902 hadi 928. Huku kwetu 880 hadi 915 ni njia ambayo simu za GSM hurushia kwenda mnarani, kwa hiyo unakuwa unapiga kelele kwenye masikio ya wenzako. Usinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Kabla ya kuagiza chochote nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkaulize masafa, nguvu inayoruhusiwa na kama kifaa kinahitaji kibali. Nendeni na maswali yaliyoandikwa. Ni safari moja, na siku mwenyekiti wa mtaa atakapouliza mtakuwa na jibu.

Mengine kwa ufupi. Usiwashe nodi bila antena, utaiunguza. Kama inategemea sola, chagua yenye chipu ya nRF52. Za ESP32 zinakunywa betri ya 18650 (ile ya mviringo kama ya tochi) kwa siku moja au zaidi kidogo, wakati nRF52 inakaa hata wiki. Punguza kutuma mahali ulipo: ujumbe mmoja unashika hewa karibu sekunde nzima, na nodi tisa zikijitangaza kila baada ya muda mfupi hakuna atakayeongea. Usiweke kila nodi kuwa ruta, yaani ya kurusha upya kwa kipaumbele, eti ndiyo inasaidia, inaziba. Na chaneli ile ya kuanzia, inayokuja na programu, ina ufunguo unaojulikana dunia nzima, kwa hiyo namba ya siri ya mtu isipite hapo.

Tulirudishiwa boksi. Lakini yule mzee wa kamera, baada ya kutuma "Ndaga" (asante kwa Kinyakyusa) na kujibiwa kutoka Isyesye na mama ambaye hajawahi kumwona, aliuliza kwa nini tulipanda kule msituni wakati nyumba yake iko ukingoni na inaona Uyole yote. Hatukuwa na jibu. Sasa nodi iko kwake, kwenye mwanzi, na ni yeye anayetupigia.

Tumebaki na pengo moja kubwa. Ukishavuka Mlima Nyoka kwenda Inyala ni kimya kabisa, tumejaribu mara nne. Kama una shangazi au mjomba upande huo, nyumba yake ina upenyo kuelekea mjini na hachukii kupigiwa simu, niandikie. Mwanzi tunakuja nao.