Bastola yanichoma kiunoni: je, nivae holsta laini zaidi?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa jumla hapa Mombasa, umri wangu miaka 46, na kitambi kidogo ninacho. Nilipata leseni mwaka jana, nina bastola ya Glock 19. Nilianza na holsta, yaani ala ya kubebea bastola kiunoni, ngumu ya plastiki, inayovaliwa ndani ya suruali, lakini yanichoma nyongani, hasa ndani ya gari, na jasho la huku kwetu unalijua. Rafiki yangu ameniuzia moja ya nailoni, laini kabisa, inayoingia bastola ya aina yoyote. Nikiivaa sihisi kitu. Kwa usalama ameniambia nisiweke risasi kwenye chemba, pale inapokaa risasi iliyo tayari kulia. Ijumaa huvaa kanzu na kikoi. Niendelee na hii laini, au kuna nyingine, mwalimu?

JIBU: Ndugu yangu, lililonishtua katika barua yako si hilo la kuchomwa. Ni hayo maneno mawili, “sihisi kitu.” Haupiti mwezi bila kumvua mtu holsta kama hiyo yako kwenye uwanja wangu wa kufundishia shabaha, na kila ninayemvua hujigamba kuwa akiivaa husahau kama amebeba silaha. Sasa wewe mwenyewe niambie, ni nani tunayetaka asahau kwamba amebeba silaha?

Glock 19 haina sefti, yaani kizuizi cha bastola isilie, ya nje ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti zake tatu hujiendesha zenyewe, na zote huachia kifyatulio kinapovutwa mpaka mwisho. Nguvu inayohitajika ni ya kilo mbili na nusu hadi tatu hivi, yaani pakiti ya unga na sukari kidogo juu yake. Bastola haijui kama kilichovuta ni kidole chako, upindo wa shati, kamba ya koti la mvua au nailoni iliyojikunja. Ndiyo maana kwa bastola ya aina hii, holsta ndiyo sefti ya nje. Watu wengi huiona kama mfuko wa kubebea, kama ule wa simu, na hapo ndipo makosa yote yanapoanzia.

Kwa hiyo fanya jaribio moja leo jioni. Toa magazini (kile kisanduku cha risasi), vuta slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma), angalia chemba kwa macho, kisha iguse kwa kidole. Risasi zipeleke chumba kingine kabisa. Rudi, kagua chemba mara ya pili, ndipo uiingize bastola katika ile ya nailoni. Elekeza mtutu mahali salama, ukutani ambako hakuna mtu nyuma yake, kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya kitambaa, pale kifyatulio kilipo. Ukihisi kinasogea, jibu umelipata na huhitaji kuendelea kunisoma mimi. Bado una shaka? Itoe bastola, halafu tazama mdomo wa holsta. Ya kweli hubaki wazi, ikisubiri. Hiyo yako itakuwa imelala kama soksi, na ili uirudishe bastola itakubidi uufungue mdomo kwa mkono wa kushoto, maana yake unauweka mkono wako mwenyewe mbele ya mtutu.

Hatari ya kujipiga risasi kwa bahati mbaya haiko wakati wa kuitoa bastola tu. Iko pia wakati wa kuirudisha. Adui hayupo tena, moyo bado unadunda, mkono una haraka, shati limeteremka. Kitu kinaingia kwenye kifyatulio, mtu anasukuma, na mtutu unatazama paja au kinena. Pajani pana mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika, dakika chache tu zinatosha kummaliza mtu, na foleni ya Nyali au ya Makupa haina habari kwamba wewe unavuja damu.

Wanaofuata michezo ya Marekani watamkumbuka Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants, timu ya kandanda ya Kimarekani. Februari 2008 alidaka mpira ulioipa timu yake ubingwa wa Super Bowl. Novemba mwaka huohuo aliingia klabu ya usiku Manhattan na Glock aliyoichomeka kwenye suruali ya mazoezi, bila holsta yoyote. Ikateleza, akaiwahi kwa mkono, ikalia. Risasi ilipita pajani mwake. Alipona, lakini kwa kuwa hakuwa na kibali cha New York alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Suruali ya mazoezi na nailoni laini zinafanana kwa jambo moja, kwamba hakuna kati yake inayokizuia kitu kisifike kwenye kifyatulio.

Hili la kuacha chemba tupu silipingi. Mtu aliyefunzwa hivyo na anayefanya mazoezi ya kuvuta slaidi aendelee, mimi mwenyewe wanafunzi wapya huwaambia waanze hivyo mpaka mikono ikomae. Ninachokataa ni kulifanya dawa ya holsta mbovu. Huo ni uganga. Miezi mitatu ukibeba chemba tupu, siku moja utasikia habari ya kutisha mtaani, utaweka risasi chembani “kwa leo tu”, halafu kesho hukumbuki. Sasa una bastola iliyo tayari ndani ya soksi, na kichwani unaamini ni tupu. Kuna na wale wanaoweka risasi asubuhi na kuitoa usiku, risasi ileile moja kila siku. Kichwa cha risasi husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo kila inapogonga mdomo wa chemba, na shinikizo la baruti hupanda siku itakapolia. Ukiona risasi moja imekuwa fupi kuliko wenzake, usiipige.

Tuje kwenye kuchomwa kwako. Umeilaumu holsta kabla ya kuutazama mshipi. Glock 19 yenye risasi 15 ina uzito wa gramu 850 hivi, na wewe umeining’iniza kwenye mshipi wa kuvalia suti. Mshipi laini hulegea upande wa bastola, bastola inainama nje, wewe unakaza tundu moja zaidi, na sasa plastiki inakukandamiza mfupa. Nunua mshipi mgumu, wa milimita 38, wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja au wa utepe mzito wenye kiini kigumu. Ukiushika kwa ubapa na kuunyoosha mbele usijikunje kama utambi. Na suruali je? Kama kiuno chako ni 36, suruali ya kubebea bastola ndani ni 38. Hapa watu hunicheka, lakini nusu ya waliokuja kwangu wakilia na holsta walikuwa wakilia na suruali.

Kisha mahali pa kuivaa. Wakufunzi hupataja kwa uso wa saa: 12 ni kitovuni, 3 ni nyonga ya kulia. (Nazungumzia nambari iliyoandikwa kwenye saa, si saa tatu asubuhi. Nimeshapata mwanafunzi aliyeizungushia bastola upande wa kushoto kwa sababu hiyo.) Nadhani unaivaa kwenye 3 kamili, juu ya mfupa wenyewe, ambapo hakuna nyama ya kuupokea uzito. Irudishe nyuma hadi 4, kwenye bonde lililo nyuma ya mfupa, na uinamishe mpini mbele kwa nyuzi 15 hivi. Holsta nyingi ngumu zina skrubu za kurekebisha mwinamo na kimo, na watu huzivaa mwaka mzima kama zilivyotoka kwenye boksi. Usiipeleke katikati ya uti wa mgongo hata kama ni tulivu, maana ukianguka chali utakuwa umeangukia chuma.

Wenye tumbo bapa hupenda kuivaa mbele, kwenye nambari 1. Kwa kitambi chako sikushauri uanzie huko, kwa sababu ukikaa tumbo litausukuma mpini nje na mtutu utatazama usipopapenda. Ila siku ukitaka kujaribu, usikimbilie holsta fupi. Ile ndefu kidogo huegemea chini ya mshipi na kuurudisha mpini mwilini. Na mpini ndio unaojichora kwenye shati, si mtutu.

Kama ukingo wa plastiki unakukata, upitishe msasa laini sehemu ya juu inayogusa mwili, mbali kabisa na kifyatulio. Vaa fulana ndani. Jipe wiki mbili ukiivaa nyumbani, bastola ikiwa tupu, uinuke, ukae, ufunge viatu. Mwili huzoea, lakini usiuombe uzoee kitu kilichowekwa mahali pabaya.

Kuhusu gari, zile video za Wamarekani zinakupotosha. Wao huketi kushoto, kwa hiyo kifungo cha mkanda wa gari huangukia nyonga ya kulia, juu ya bastola. Sisi dereva yuko kulia, kifungo kiko kushoto, na upande wa kulia pana mlango. Shida yetu ni kiti chenyewe kinachoisukuma holsta. Simamisha mgongo wa kiti kidogo, na sogeza holsta kidole kimoja mbele kabla ya safari ndefu. Usiitoe ukaiweka chini ya paja, wala mfuko wa mlangoni, wala kiti cha pembeni. Breki moja ya ghafla na imeingia chini ya pedali, au askari wa barabarani amechungulia dirishani na mazungumzo yamebadilika.

Jasho la Mombasa nalijua, niliishi Tudor miaka minne. Tafuta holsta yenye bapa lililoinuka kati ya slaidi na ubavu wako. Linakukinga wewe na chuma, na chuma na chumvi yako. Slaidi ya Glock imetiwa dawa ya kuzuia kutu, lakini pini na springi ndogondogo hazina bahati hiyo, na maganda ya risasi hufanya ukijani. Kila usiku ipanguse kwa kitambaa kikavu, mara moja kwa wiki tone la mafuta. Ukipenda ngozi, ngozi nzuri iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako hasa ni tamu kuliko plastiki, ila huku pwani hunywa jasho kama sponji, hulainika mdomoni, na ngozi iliyochoka ikijikunja ndani hukibonyeza kifyatulio vilevile kama nailoni. Na usiilaze bastola usiku ndani ya ngozi yenye unyevu.

Kikoi hakishiki bastola. Kimekusudiwa kushika kikoi. Ijumaa vaa suruali na mshipi ndani ya kanzu, au ule mkanda mpana wa tumbo, lakini uwe na gamba gumu linalofunika kifyatulio chote. Ile mikanda ya mpira mtupu ni nailoni yako kwa jina jingine. Kubali pia kwamba chini ya kanzu huwezi kuitoa kwa haraka, na kwamba unapoinama na kusujudu mpini utajionyesha kwa safu ya nyuma. Mimi ningeiacha nyumbani kwenye kasha lililofungwa kwa kufuli. Ukibeba lakini, tafadhali fikiria choo kabla hujafika chooni: bastola hubaki ndani ya holsta, na holsta hubaki kwenye suruali. Hazihesabiki zilizosahauliwa juu ya tangi la maji.

Sasa niseme na hao wauzaji. Kwenye makundi ya simu kuna watu wanaouza holsta “ya bastola zote” kwa bei ya sahani mbili za biriani. Kuna fundi wa viatu, mkono wake ni mzuri kwa viatu, ambaye amegeuka bingwa wa holsta kwa ngozi ya sofa. Mteja wake mmoja alinijia na kitufe cha kufungia kilichokaa pale pale kifyatulio kinapokuja. Kila akifunga anakibonyeza! Nikamuuliza fundi alipimaje. Kwa macho, akasema, kwenye picha. Mtu ametumia laki na zaidi kwa bastola, amekaguliwa na kuhojiwa kabla ya kupewa leseni, kisha kitu pekee kinachosimama kati ya kidole cha shetani na paja lake anakinunua kwa kupunguziwa bei.

Na wengi wa wanunuzi hawa huja na Westgate kichwani, lile shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka Nairobi. Septemba 2013 raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu, na picha zile hazisahauliki. Kila mmoja hujiona pale. Hajioni mahali atakapokuwa siku nyingine zote: kwenye duka lake, akipakia magunia, mtoto wake akimrukia mgongoni. Holsta huchaguliwa kwa siku hizo. Na kwa siku ambayo shati litapanda mbele ya watu benki na mtu apige simu polisi. Bodi ya leseni ina mamlaka ya kukunyang’anya cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na “nilikuwa na holsta laini” si utetezi.

Kwa hiyo rudi kwenye ile ngumu ya kwanza. Hakikisha imeandikwa Glock 19, si “Glock” tu. Badilisha mshipi kabla hujabadilisha chochote kingine, isogeze hadi 4, legeza suruali, na uniandikie baada ya wiki mbili. Ile ya nailoni usimrudishie rafiki yako wala usimpe mtu. Ikate vipande kwa makasi kwanza, ndipo uitupe.