Maswali ya Bustani: Matunguu ya Maua kutoka Amerika Kusini

Mhariri, salaam. Nina amarilisi nyekundu kwenye chungu. Mara ya kwanza ilitoa maua manne makubwa. Yalipokauka, majani yalilala ovyo nikayakata. Tangu hapo ni mwaka wa pili, inaota majani tu. Je, imezeeka? — Mama K., Kiambu

Haijazeeka, mama, ina njaa. Ua la amarilisi huanza kama chembe ndani ya tunguu takribani mwaka mzima kabla ya kuchanua, na chembe hiyo hutokea kila baada ya majani manne hivi. Majani ndiyo yanayolilisha tunguu. Ukiyakata yangali mabichi, umekata na maua ya mwakani. Yakilala, yafungie kijiti uyaache.

Kwanza pima tunguu. Lizungushie uzi pale lilipo nene, kisha unyooshe uzi huo kwenye rula. Likiwa chini ya sm 20, chotara nyingi hazichanui, kwa hiyo kazi ya mwaka huu ni kulinenepesha tu. Chungu kiwe na matundu chini, na kati ya tunguu na ukingo ibaki nafasi ya vidole viwili. Chungu kikubwa mno hukaa na maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuyanywa. Changanya udongo wa juu sehemu mbili, mboji iliyooza vizuri sehemu moja na mchanga wa mto sehemu moja. Fukia theluthi mbili za tunguu, bega na shingo vibaki nje. Samadi mbichi usiitie kabisa, kwa sababu inaunguza mizizi. Lipe jua la asubuhi hadi adhuhuri, na kila mwezi nusu kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 kwa chungu chenye upana wa sm 20, ukiiweka mbali na shingo na kumwagilia papo hapo. Urea haifai hapa. Utapata majani marefu na laini, maua hamna.

Halafu kuna mapumziko. Amarilisi tunazouziwa ni chotara za jenasi Hippeastrum, ambayo kwao ni Brazili, Bolivia, Peru na Ajentina. Chotara ya kwanza kujulikana ilipatikana Uingereza mwaka 1799, kwa mkono wa fundi saa Arthur Johnson. Wazazi wengi wa chotara hizi wamezoea mvua wakati wa joto na ukavu wakati wa baridi. Kwenu Kiambu baridi ya Juni hadi Agosti inafaa sana, ila manyunyu ya miezi hiyo hayafai. Katikati ya Juni acha kumwagilia, uweke chungu chini ya paa penye hewa kwa wiki 8 hadi 10. Usiku wa nyuzi 10 hadi 13 unatosha. Majani yajikaukie yenyewe, na yakibaki machache ya kijani si neno. Mwishoni mwa Agosti mwagilia mara moja, kisha subiri hadi uone ncha inachomoza. Wengi huharibu hapa: wanamwaga maji kila siku kwenye tunguu lisilo na mizizi, nalo linaoza. Ua hufunguka wiki 5 hadi 8 baadaye.

Angalizo moja kubwa. Ukiwa na Hippeastrum papilio, ile ya petali nyeupe-kijani zenye michirizi ya rangi ya zambarau iliyokolea, usiikaushe. Ni ya misitu yenye unyevu ya kusini mwa Brazili na hubaki na majani mwaka mzima. Ipunguzie maji tu.

Majani ya amarilisi zangu yana madoa mekundu, na juzi nimekuta viwavi weusi wenye alama nyeupe-njano. Tunguu moja limelainika kabisa. Nianze na lipi? — Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam

Anza na viwavi leo hii. Nondo wao, Brithys crini, hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani. Viwavi wadogo huingia katikati ya ngozi mbili za jani, hivyo dawa ya kupuliza juu haiwafikii. Wakikua hushuka shingoni na kulila tunguu kwa ndani, na huo ndio ulaini uliouona. Geuza kila jani, ponda mayai, kata sehemu zenye vivuli vya viwavi ndani yake na uzichome. Waliobaki nje pulizia dawa ya Bacillus thuringiensis (bakteria wanaoua viwavi) jioni, mpaka ndani ya shingo. Kagua pia yungiyungi za asili ulizopanda karibu, maana wanazila vilevile.

Madoa yasikutie hofu kabla ya kuyatazama kwa karibu. Amarilisi huwa nyekundu popote ilipojeruhiwa, hata ukiikwaruza kwa ukucha. Jeraha hubaki lilivyo. Doa la kuvu hurefuka, hudidimia katikati, na shina la ua hujipinda upande wa doa. Kuvu hii husambazwa na matone ya maji yanayoruka, kwa hiyo mwagilia udongoni, ondoa majani yaliyoathirika, tumia dawa ya ukungu yenye shaba.

Tunguu lililolainika lichimbue, lichonge hadi ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, lipake unga wa salfa na ulianike kivulini siku tatu kabla ya kulipanda kwenye mchanga. Kitako kikiwa kimeoza chote, litupe.

Nataka kuzizidisha amarilisi zangu niuze miche. Mbegu au kukata? — Msomaji, Moshi

Kata, ukitaka rangi ileile. Mbegu za chotara hazifuati mama. Chagua tunguu la sm 20 au zaidi, ondoa mizizi na theluthi ya juu, kisha ligawe wima vipande 8, kila kimoja kikiwa na sehemu ya kitako. Kila kipande kigawe tena kwa magamba mawili mawili yaliyoshikwa na kitako. Gamba lisilo na kitako halizai kitu. Kisu kifute kwa spiriti kila mara. Loweka vipande kwenye dawa ya ukungu nusu saa, vitie kwenye mfuko wa plastiki wenye vamikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji) iliyonyevuka kidogo tu (ukiikamua isitoe tone), ufunge na kuuweka gizani kwenye nyuzi 22 hadi 25. Wiki 8 hadi 12 utaona vitunguu vichanga kati ya magamba. Maua ni baada ya miaka 3 hivi.

Mtoto akila amarilisi? — Baba M., Tanga

Ni sumu. Tunguu lina laikorini, inayosababisha kutapika na kuhara. Lisikae jikoni karibu na vitunguu, na mtoto akila mpelekeni hospitali mara moja.

Nimeona picha ya ua la buluu la Chile, Tecophilaea. Baraza langu lina kivuli. Niagize? — Msomaji, Mombasa

Hapana, utapoteza fedha. Kwao ni milima ya karibu na Santiago, ambako mvua ni ya majira ya baridi na kiangazi ni kikavu. Ilidhaniwa imetoweka porini mpaka ilipoonekana tena mwaka 2001. Joto la Mombasa halilipi tunguu hilo baridi linayoihitaji.

Kwa kivuli chako tafuta Eucharis, ya misitu ya Kolombia hadi Peru: maua meupe yenye harufu nzuri, majani mapana ya kijani mwaka mzima. Panda matunguu 3 au 4 kwenye chungu cha sm 20, shingo zikiwa usawa wa udongo, na usiwahi kuyahamisha, yanapenda kubanana. Yakigoma kuchanua, punguza maji wiki 3 au 4 bila kuacha majani yanyauke, kisha rudisha maji na mbolea.

Penye jua panda Zephyranthes candida, ya kando ya Río de la Plata, kina cha sm 5, umbali wa sm 8. Ikauke kiasi, kisha iloweshe kabisa. Maua yake meupe hutoka siku chache baadaye.