Kabla hujashusha keji ziwani, angalia matope kwanza

Keji zangu za kwanza za kufugia samaki niliziweka hapa Winam Gulf, ghuba ya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, mahali maji hayafiki hata mita tano, na sababu yenyewe ilikuwa ya kijinga tu: ni karibu na nyumbani, nilikuwa naziona nikinywa chai.

Sasa asubuhi moja saa kumi na moja mlinzi ananipigia, "Boss, samaki wote wamekuja juu." Nikafika nikakuta ngege (tilapia) wamejaa kwenye uso wa maji, midomo wazi, wanameza hewa, maji yamegeuka kahawia na yananuka kama mtaro. Unajua nilifanya nini? Niliwamwagia chakula! Nilidhani ni njaa yawa. Samaki akishiba mwili unataka oksijeni zaidi ya kusaga kile chakula, kwa hivyo hapo ni kama nilikuwa nawamalizia. Kufika saa mbili keji mbili zilikuwa zimeisha, tumbo juu, na watu wa beach tayari wameshasema ni sumu imemwagwa na wanamjua hata aliyemwaga.

Haikuwa sumu. Jamaa mmoja aliniazima mashine ya kupima oksijeni, tukashusha waya mchana, juu ilisoma 6 na kitu, nikafurahi, akaniambia ngoja, tukashusha hadi chini kabisa ikasoma chini ya 1. Hiyo ni miligramu kwa lita, na ikishuka chini ya 2 samaki wengi hawawezi. Usiku uliotangulia kifo upepo ulikuwa umevuma vibaya sana, yale maji ya chini yakachanganyika na ya juu, na usiku mwani, ule ukijani unaoelea majini, nao hautengenezi oksijeni, unaivuta tu kama sisi. Ndio maana kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Pima kabla jua litoke, na pima chini.

Lakini oksijeni ya chini inaenda wapi? Matope ndiyo yanaila. Chakula kilichobaki, mavi ya samaki, mwani uliokufa na gugu maji lililooza vyote vinazama, bakteria wanavila na oksijeni inaisha. Ikishaisha ndio balaa ya pili inaanza, kwa sababu fosforasi, ile mbolea inayokuza mwani, huwa imeshikwa na chuma kilicho kwenye matope, na bila oksijeni chuma kinaiachilia, inapanda, mwani unashiba, unakufa, unazama, tunarudi pale pale. Kwa hivyo tukilaumu mashamba ya huko Nyando, mto unaoingia kwenye ghuba hii, tuko sawa, mbolea na udongo wa huko kweli vinashuka na mto, lakini hata vikikoma leo matope bado yana akiba yake. Naitrojeni, mbolea nyingine ya mwani, sehemu yake bakteria wanaigeuza gesi ikaenda zake hewani, ila kuna mwani wa kijani-bluu humu ziwani unaojivutia naitrojeni kutoka hewani, huo hausubiri mbolea ya mtu.

Baharini pia ni hivyo hivyo. Mto Mississippi unabeba mbolea ya mashamba ya Marekani hadi Ghuba ya Mexico, na kila kiangazi maji ya chini huko yanashuka chini ya hiyo 2, kamba na kaa wanaokimbia wanakimbia, wasioweza wanafia hapo. Tofauti ni kwamba maji ya bahari yana salfeti nyingi, yaani chumvi zenye salfa, bakteria wa matope wakikosa oksijeni wanatumia hiyo, ndio unasikia ile harufu ya yai bovu. Ziwa letu salfeti ni kidogo, matope yanatoa gesi ya methani zaidi. Choma upondo chini pale maji yametulia uone mapovu yanavyopanda.

Na hicho ndicho kipimo cha bure kwa asiye na mashine: chukua upondo, choma matope. Yakiwa meusi, laini kama uji, na mapovu mengi, achana na hapo, hata kama beach yote iko hapo. Tafuta kina na mkondo unaopita, acha nafasi kubwa kati ya wavu na chini, na kila baada ya muda hamisha keji matope yapumzike. Na siku ukikuta samaki juu alfajiri, usilishe.

Zangu sasa ziko dakika arobaini kwa boti ya injini. Chai nakunywa bila kuziona.