Barua kwa mwanangu: kaa kwanza

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza, sasa unapoanza kazi wodini, muuguzi asimame na mwanafalsafa yupi: Kant, anayeshika wajibu hata ukiuma, au Mill, anayepima lipi litawaletea heri walio wengi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara fikra zinanipeleka kwenye kiti.

Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alihimiza kwamba mgonjwa akikueleza jambo lake, ukae, tena mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Nimewaimbieni hilo tangu utotoni: kaa kwanza.

Na mnakumbuka jinsi "narudi sasa hivi" lilivyokuwa mwiko nyumbani kwetu. Sababu sikuwahi kuwaambia. Zamu moja ya usiku nilikuwa peke yangu, mzee wa kitanda cha mwisho akanishika mkono wa gauni. "Sista, kaa kidogo, nina neno." Dripu ya jirani yake ilikuwa inaisha, sindano za saa sita zinangoja. Nikamjibu nimesimama: "Narudi sasa hivi." Sikurudi. Nilipomkumbuka kumeshakucha, amehamishiwa hospitali nyingine. Neno lake silijui hadi leo.

Mill angenitetea, maana wengine wote walipata dawa kwa wakati. Na kweli, ningeiacha dripu ikauke? Hata kidogo. Lakini Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mtu anayeahidi huku akijua hatatimiza. Mimi nilidhani nitarudi. Au nilijua sitarudi? Hapo ndipo ninapokwama. Ningeweza kumwambia, "Mzee wangu, nina kazi ya saa nzima," naye akaamua kama neno lake linaweza kungoja. Nilimnyima hata hilo.

Baadaye nilimsoma mwanasaikolojia Carol Gilligan, aliyeandika mwaka 1982 kwamba yapo maadili yanayoanzia kwenye uhusiano wa watu, si kwenye kanuni. Nilimwona yule mzee katika kila ukurasa. Ila hata mama huyo hakunipa mikono mingine miwili ya usiku ule.

Najua unataka nitaje jina moja. Ulimi unaniwasha, lakini nikilitaja leo utaingia wodini na jibu langu mkononi kabla hujashikwa gauni. Siku ukishikwa, niandikie ulimjibu nini, na kama ulikuwa umekaa. Nami nitakuambia ninakoegemea.

Mama yako