Usinunue Kabureta Nyingine: Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani

Maswali ya mafuta hayaishi, na mengi yanatoka kwa wenye Land Rover, Datsun na Volkswagen za zamani huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Narudia niliyokwisha kusema: kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ndiyo kituo cha mwisho cha petroli. Anayeanza kufungua kabureta kabla ya kuhakikisha petroli inafika pale, safi na ya kutosha, ameanzia mwisho wa safari.

Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, niko Njombe. Mlimani inavuta, inaachia, halafu inazima. Nimebadilisha kabureta mara mbili, tatizo liko palepale. Fundi wangu anasema ninunue ya tatu.

Marahaba. Usinunue. Kabureta mbili tofauti zikitoa dalili ileile, ugonjwa hauko kwenye kabureta.

Anza na tangi. Siku likizima mlimani, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka baada ya hapo, tundu la kupumulia limeziba na kazi yako imekwisha. Kama sivyo, nenda kwenye pampu. Land Rover yako ina bakuli la kioo la kukamata uchafu pamoja na kiwiko cha kupampu kwa mkono. Fungua bakuli. Ukikuta tope la kutu, tangi linaoza kwa ndani, na kabureta yoyote utakayofunga itaziba ndani ya wiki chache. Kisha chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, pampu kwa mkono. Kiwiko kikiwa chepesi na hakisukumi kitu, zungusha injini kidogo kwanza, maana kemu, ile shafti ya injini inayoendesha pampu, ikiwa imekwishaisukuma pampu, kiwiko hakina kazi. Petroli itoke kwa mikupuo yenye nguvu. Ikidondoka tu, kiwambo cha mpira ndani ya pampu kimechoka, au kuna mpira unaovuta hewa kati ya tangi na pampu. Huu wa pili unawasumbua wengi kwa sababu upande wa kuvuta hauonyeshi tone hata ukipasuka. Unaingiza hewa kimyakimya.

Hukuuliza, lakini angalia mipira yako yote. Nimechoka kuona mpira mweupe wa levo, ule wa mafundi ujenzi, umefungwa kwenye njia ya petroli. Petroli inaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka juu ya injini ya moto. Watu wanaunguliwa na magari kwa ajili ya mpira wa bei ya soda. Nunua mpira wa petroli.

Na zile kabureta mbili usizitupe. Kama moja ni Zenith iliyokuja na gari, ubovu wake unajulikana: uso wa kifuniko unapinda na kiringi cha mpira cha ndani kinachoka. Uso unasawazishwa kwa msasa laini juu ya kioo bapa, kiringi kinabadilishwa, na utakuwa na kitu bora kuliko kopi nyingi zinazouzwa madukani.

Fundi, gari yangu ina shida ya mafuta. Nifanye nini?

Gari gani? Linazima, linamisi au linatoa moshi? Likiwa baridi au likiwa moto? Ujumbe wa namna hii napokea kila wiki na siwezi kuujibu. Andika upya.

Nimenunua Corolla KE30 kutoka Dar es Salaam. Kule ilikuwa safi, hapa Mbeya inatoa moshi mweusi, plagi zina masizi na inakula mafuta. Muuzaji amenidanganya?

Huenda hakukudanganya. Mbeya mjini iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni pungufu ya ule wa Dar kwa karibu asilimia 18. Gari la kisasa lina vihisi vinavyopima hewa na kupunguza mafuta. Kabureta haina. Inaendelea kutoa petroli kwa kipimo cha pwani huku hewa ni nyepesi, ndiyo maana unaona masizi.

Kabla ya kugusa jeti, vile vipande vyenye tundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, ondoa sababu za kawaida: choki isiyofunguka hadi mwisho, filta ya hewa iliyojaa vumbi, na boya, linaloelea kwenye petroli na kufunga njia chemba ikijaa, lililokaa juu mno au lililoingiwa na petroli ndani. Kabureta yako ya Aisan ina kidirisha cha kioo kwenye chemba ya boya. Injini ikiwa inanguruma, mafuta yakae kwenye alama ya katikati. Yakizidi, shughulikia boya na sindano yake kwanza.

Vyote vikiwa sawa, badilisha jeti kubwa, ile kuu, uweke yenye tundu dogo kidogo. Namba iliyogongwa kwenye jeti za aina hii ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, yaani 125 ni milimita 1.25. Kwa mwinuko wetu, kushuka kwa asilimia kama 4 ya namba hiyo, mfano kutoka 125 hadi 120, kunakaribia kurudisha mchanganyiko ulipokuwa. Hifadhi jeti ya zamani ndani ya gari. Ukiteremka Kyela au kurudi pwani, ile ndogo itakunyima mafuta, injini itachemka na valvu zitaungua. Wengi wanasahau hili.

Nguvu iliyopungua haitarudi yote. Hewa ni chache, na hakuna fundi wa kuiongeza kwa bisibisi. Anayekuahidi vinginevyo anataka pesa yako.

Naweza kuzibua jeti kwa waya?

Hapana, hapana, hapana. Jeti ni shaba nyeupe, waya ni chuma. Umesoma hapo juu kwamba sehemu tano za mia za milimita zinatosha kubadilisha injini nzima. Waya unakwangua kiasi hicho kwa kuchokoa mara chache. Loweka, puliza kwa kompresa, basi. Ukimwona kijana wa gereji anachomoa waya wa breki na kuuelekeza kwenye jeti yako, mzuie.

Volkswagen yangu ya mgongo wa kobe ikifika Isyonje asubuhi kwenye ukungu inakosa nguvu na kuzima. Nikisubiri dakika kumi inawaka kama haijawahi kuumwa. Mafundi watatu wameshindwa.

Kabureta yako inaganda barafu, na si utani. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na koo la kabureta linaweza kupoa kwa nyuzi 20 au zaidi chini ya joto la hewa ya nje. Asubuhi ya Isyonje ina baridi na hewa imejaa maji, kwa hiyo unyevu unaganda ndani ya koo na kuziba njia. Ukisimama, joto la injini linapanda na kuyeyusha barafu. Fundi anafungua, anakuta pakavu na pasafi, anakuambia kabureta haina kitu.

Waliotengeneza gari hilo walilijua jambo hili. Chini ya kabureta kuna bomba jembamba la moshi wa ekzosi lililoshikana na manifoldi ili kuipasha joto. Gari likiwaka kwa dakika kadhaa, shika bomba hilo kwa tahadhari kila upande. Likiwa baridi, limeziba kwa masizi na linahitaji kuzibuliwa. Angalia pia ule mpira mnene unaoleta hewa ya moto kwenye filta ya hewa. Nina hakika kwa sehemu kubwa haupo, maana mafundi wetu wana tabia ya kung'oa kitu wasichokijua na kusema hakina kazi. Pwani gari linaweza kuishi bila mpira huo. Rungwe haliwezi.

Baada ya kuosha kabureta gari haina sailensi, yaani haingurumi yenyewe ikiwa imesimama, mpaka nikanyage mafuta.

Kama kabureta yako ina kivalvu cha umeme chenye waya mmoja, washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya na kuurudisha. Usiposikia "tik", umeme haufiki kwenye waya au kivalvu kimekufa. Ukisikia, jeti ndogo, ile ya sailensi, bado ina uchafu.

Datsun 1200 yangu ilizima katikati ya Kitonga. Fundi wa njiani alimwagia maji injini ikawaka. Ni kabureta?

Petroli ilichemka ndani ya bomba. Umetoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto, umepanda taratibu nyuma ya malori, upepo haupo, pampu imefungwa kwenye injini ya moto. Mvuke ukijaa kwenye bomba, pampu inasukuma mvuke. Dawa ya pale ni kitambaa kibichi juu ya pampu na subira. Kumwagia maji injini yenyewe ni kutafuta ufa kwenye silinda hedi, kwa hiyo fundi huyo usimruhusu tena. Nyumbani, sogeza bomba mbali na ekzosi na urudishe kinga zote za joto.

Ila koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche za plagi, inayokufa ikipata moto inafanya hivyohivyo. Likizima tena, toa filta ya hewa, chungulia koo la kabureta na vuta waya wa mafuta kwa mkono. Ukiona petroli inarushwa, mafuta yapo, katazame cheche.

Baba aliacha Peugeot 504 Mufindi, haijawaka kwa miaka. Nataka kuiwasha sikukuu hii. Nikiweka betri mpya na petroli mpya inatosha?

Haitoshi, na pole kwa kazi iliyo mbele yako, ila gari hilo linastahili. Petroli ya zamani imegeuka gundi. Ukipiga stata sasa, gundi na kutu vyote vinakwenda kwenye pampu na kabureta. Toa mafuta yote, shusha tangi ulioshe, badilisha kila mpira na filta, ndipo ufungue kabureta uiloweke. Petroli mpya nunua kituoni, siyo kwenye dumu la kando ya barabara. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kwa sababu ya uchakachuaji, yaani kuyachanganya kwenye mafuta ya magari, na injini hii haitavumilia mchanganyiko wa mtu usiyemjua.

Usikubali kijana yeyote anyonye petroli ya tangi hilo kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaua. Wala usimruhusu mtu kumwagia petroli kwa chupa kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine anapiga stata. Injini ikirudisha moto, chupa iko mkononi mwake na uso wake uko juu ya kabureta. Jaza chemba ya boya kupitia bomba lake la kawaida, rudisha filta ya hewa mahali pake, weka kizima moto karibu, kisha piga stata.