Basi la Berlin hadi Prague

SWALI: Mhariri, ninasoma Berlin na nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani. Nataka kwenda Prague kwa basi. Nipandie wapi, na nikishuka nifikeje katikati ya mji?

JIBU: Mabasi mengi huondokea stendi ya ZOB, magharibi mwa Berlin. Panda treni ya chini ya ardhi ya U2, ushuke kituo cha Kaiserdamm, kisha utembee dakika chache. Safari huchukua kama saa 4 na nusu hadi 5. Beba pasipoti yenyewe na kadi ya ukaazi. Picha ya simu si hati. Kuwa ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida mipakani, hakuzuii polisi kupanda basi mpakani, hasa wakati wa kurudi Ujerumani.

Prague utashukia stendi ya Florenc, na metro (treni ya chini ya ardhi) iko hapohapo. Fuata mstari B, wa njano, upande wa Zličín: kituo cha pili ni Můstek, katikati kabisa.

Wageni wengi huponzwa na tiketi. Metro haina mageti ya kukuzuia, kwa hiyo mtu hushuka ngazi na tiketi safi mfukoni akidhani amemaliza. La! Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye kile kimashine cha njano mlangoni. Muda huanza kuhesabiwa hapo. Igonge mara moja tu, ukirudia umeiharibu. Wakaguzi huvaa kiraia, na tiketi isiyogongwa hutozwa faini kama vile hukununua.

Pesa ni koruna, si yuro. Mashine ya ATM ikikuuliza kama ikubadilishie kwa yuro, kataa. Kiwango chake hukuumiza.